Darasa la Nyumbani, Kamalondo

Katanga ilipojitenga, mji wetu ukiwa bado unaitwa Élisabethville, binti yangu alikuwa amefika umri wa kuanza shule. Sikumpeleka. Njia ya kwenda shule ya masista ilikuwa na vizuizi vya askari, na siku nyingine risasi zilisikika upande wa Kenya, mtaa wa jirani. Kulikuwa na jambo lingine pia, ambalo majirani zetu wa Kamalondo walilijua bila kuambiwa: mimi ni Mluba wa Kasai, na siku zile Waluba walihesabiwa kuwa maadui wa Katanga. Ndugu zangu wengi walikuwa wameacha nyumba zao na kukimbilia kwenye mahema ya kambini. Mimi nilibaki kwa sababu mume wangu alikuwa mtu wa Lukafu, mzaliwa wa Katanga yenyewe, na jina lake lilitukinga.

Kabla ya kuolewa nilikuwa mwalimu wa watoto wadogo, kwa hiyo kufundisha hakukunitisha. Kilichonitisha ni kuchagua. Shuleni tulipewa programu tayari, tukaifuata kama njia ya shambani. Sasa njia ilikuwa yangu kuikata.

Nilikuwa na kitabu cha kusomea Kifaransa, chenye picha za watoto waliovaa makoti wakicheza kwenye theluji. Nilikuwa pia na katekisimu ya Kiswahili, ubao mdogo wa kuandikia na chaki kidogo. Mume wangu, aliyekuwa karani, alitaka tuanze na kitabu cha Kifaransa na hesabu, tusipoteze muda kwa mengine. Kiswahili, alisema, mtoto atakiokota barabarani. Nilimjibu kwamba mtoto hujifunza kusoma kwa maneno anayoyajua, na binti yetu hajawahi kuiona theluji. Tulibishana jioni kadhaa. Mwishowe alikubali: kwanza asome Kiswahili mpaka azizoee herufi, ndipo Kifaransa kifuate.

Kisha nikamwambia kwamba nitamfundisha na Kiluba cha kwetu Kasai. Hapo alikwenda kufunga mlango.

"Mama, iyo luga bado kwanza," alisema. "Mutoto hajue kufunga kinywa. Ataisema njiani, bantu batasikia."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na hofu, na mimi nilikuwa nayo. Lakini niliwaza: nikiacha sasa, nitaanza lini? Mtoto atakua akijua kwamba lugha ya mama yake ni kitu cha kufichwa, kama kosa. Nikaamua. Asubuhi tulisoma barazani, Kiswahili na hesabu, mlango ukiwa wazi. Baada ya chakula tuliingia chumba cha nyuma, tukafunga dirisha, nikamfundisha salamu za kwetu, majina ya viungo vya mwili na kuhesabu. Nilimwambia kuwa hayo ni masomo ya ndani. Alielewa kuliko tulivyodhani.

Vita vilipotulia kidogo, mama mkwe alikuja kutoka Lukafu, amebeba karanga na unga wa muhogo. Nilimheshimu sana mama yule, nami sikujua moyoni mwake ananionaje siku zile. Watu wa kwao walikuwa wakisema mengi kuhusu watu wa kwetu. Nilikuwa jikoni, yeye na mjukuu wake wamekaa mkekani wakimenya karanga, nikasikia sauti ya binti yangu ikihesabu: umwe, ibidi, isatu, inayi. Kwa nyanya yake hakuona haja ya kufunga dirisha.

Nilitoka na mwiko mkononi. Mama mkwe alikuwa ameacha kumenya.

"Nani alimufundisha?" aliuliza.

"Ni mimi, mama."

Alimtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Na luga yangu, utamufundisha wewe?"

Nilisema siijui vizuri.

"Basi nitamufundisha mimi," alisema. "Mutoto ya bantu babili asikue na kinywa nusu."

Akachukua karanga zilezile, akaanza kuzihesabu kwa lugha ya Lukafu, na binti yangu akamfuata. Nilirudi jikoni haraka, maana machozi yalikuwa karibu na sikutaka waone. Mama yule alikaa nasi msimu wote wa mvua, nami asubuhi nikaanza Kifaransa na mtoto. Alimfundisha mjukuu wake hadithi, majina ya mbegu, namna ya kumsalimu mkubwa kwa kupiga magoti, na kumwita yeye nkambo, yaani nyanya.

Shule ilipofunguliwa na njia kuwa salama, tulimpeleka sote wawili. Sista mkuu alimpa kitabu cha Kiswahili, akasoma bila kusimama. Akampa cha Kifaransa, akasoma polepole, akajikwaa mahali pamoja, akarudi mwenyewe kusahihisha. Sista akaamua kwamba hatakaa na wanaoanza. Ataingia darasa la pili. Akamuuliza alisomea wapi.

"Nyumbani," binti yangu alisema. "Mama alinifundisha, na nkambo."

Tulipokuwa tukirudi, mume wangu, mtu asiye na maneno mengi, alisimama kwa kila tuliyemfahamu, kwa fundi cherehani, kwa muuza mkate, akawaeleza kwamba mwanawe ameruka darasa. Kwa wote alimalizia kwa maneno yaleyale, akinionyesha mimi: "Bibi yangu ndiye alichagua masomo." Mimi nilitembea nyuma yao kidogo, nimeshika mkoba wa mtoto, na sikumwambia anyamaze.