Mfereji wa Aikande

"Mama Evelyn, ng'ombe wangu amekunywa nini kwako?"

Swali hilo Germana wa bondeni alimuuliza jirani yetu Aikande mbele yetu sote, asubuhi, ng'ombe akiwa bado amelala kwenye majani, miguu imekakamaa. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Mimi nilisimama kati yao nimeziba mdomo kwa kanga, maana bwana mifugo alipolipasua tumbo la yule ng'ombe ilitoka harufu ya dizeli. Tumbo la ng'ombe, jamani, linanuka kama gereji. Tangu nizaliwe sijaona jambo la namna ile.

Ili mnielewe, niwaambie kwanza Aikande ni nani.

Alikuja hapa Karatu akiwa bibi harusi kutoka Machame. Mumewe Eliamani alikuwa fundi wa magari ya watalii. Eliamani alipoitwa na Bwana, mama huyu hakurudi kwao. Pale palipokuwa na gereji ya mumewe akafungua mahali pa kuoshea magari. Yaliingia mekundu mpaka vioo, yametoka Kreta, kule mbugani, na vumbi lake lote, yakatoka yanang'aa. Vijana wake wa kazi walipomwita bosi aliwaambia bosi yuko mbinguni, yeye wamwite mama. Akiosha, anaimba pambio. Ndivyo tulivyomjua.

Kwao Machame, alitusimulia, maji ya mlimani hushuka kwa mifereji waliyochimba mababu, na kila mtu hutumia kisha humpitishia aliye chini yake. Anayeyaacha maji yapotee husemwa vibaya mpaka kaburini. Sasa kiangazi chetu mnakijua. Aikande alipoona maji yake ya sabuni yanapotelea barabarani, na huku bustani ya Germana bondeni imenyauka, roho ilimuuma. Akatuita. Tukachimba mfereji sote, Germana naye akiwemo, tukiimba, kisha tukala makande kwake. Zablon mwenye duka alimtania kwamba akiendelea hivyo kesho atatugawia na mvua. Aikande akamjibu kuwa mvua ni ya Mungu, yeye anagawa makombo tu.

Wala hakuwa mzembe. Mwanzoni mwa mfereji alichimba kidimbwi, kama wafanyavyo kwao. Maji yakiingia hutulia, tope huzama, na yale ya juu hufurika kwenda kwa jirani. Sabuni yenyewe alitumia ile ya kipande, kidogo kidogo. Germana alikula mboga za mfereji ule, na ng'ombe wake alikunywa humo humo, asipatwe na kitu.

Mwaka huu ndipo Aikande akapata kazi kubwa ya loji moja ya watalii, kuosha injini na majenereta. Kazi hiyo hutaka dizeli na dawa kali ya kukata grisi. Alijua kabisa kwamba uchafu ule si sawa na vumbi. Kwa hiyo akakiongezea kidimbwi kina, akiamini oili itazama kama tope. Alinionyesha kwa furaha, akasema sasa hata chembe ya uchafu haitamfikia Germana.

Siku ile ng'ombe alipokufa, bwana mazingira alikuja mchana. Mtu mpole, hakumfokea. Alimuuliza kama ana kibali cha kutiririsha majitaka. Aikande akasema alidhani vibali hivyo ni vya viwanda, yeye anaosha magari tu. Yule bwana akaokota kijiti, akakichovya juu juu pale kidimbwini. Kikatoka cheusi, kinateleza.

"Mama," akasema, "oili haizami, inaelea. Tope lote umebaki nalo wewe, na oili yote umempelekea jirani."

Aikande aliketi chini pale pale kwenye maji. Aliutazama mkono mmoja, akautazama wa pili, kama mtu anayetafuta damu. Hata Zablon, ambaye hakosi la kusema, alivua kofia.

Kazi ikasimamishwa. Bwana mazingira alieleza kwamba ni lazima kwanza vijengwe vyumba vya saruji, oili ibaki juu ichotwe na gari maalumu la oili chafu, na maji yatoke kwa bomba la chini, yapimwe, ndipo atoe kibali. Na mfereji uzibwe. Aikande aliyakubali yote bila kubisha. Kilichomshinda ni Germana.

Jua lilipopungua alimfungua mtamba wake, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, yule mmoja aliyekuwa naye, akamshusha kwa kamba mpaka kwa Germana. Nilimsindikiza. Germana aliitazama kamba, hakuipokea.

"Mrudishe nyumbani, Mama Evelyn," akasema. "Hapa nitamnywesha wapi?"

Tukapanda kilima na yule mtamba. Nilijaribu kuanza sala, nikakosa maneno. Mimi, ambaye wenzangu huniita niwaombee.

Baada ya hapo Germana akija kwenye jumuiya yetu ya sala alikaa karibu na mlango, na sala ikiisha aliondoka kabla ya chai. Aikande hakuja kabisa. Alhamisi iliyopita akaja. Tulipomaliza kuomba alisimama, amekonda, akasema kwamba kwao mfereji hauzibwi na mtu mmoja, kwa kuwa haukuchimbwa na mmoja. Huitwa wale wale waliouchimba. Germana alikuwa ameshasimama, mkono wake uko mlangoni. Aikande akamgeukia.

"Naomba Jumamosi mje na majembe, tuufukie mfereji. Na wewe Germana nakuomba uje, hata kama hutanisalimia."