Mtandao Upo

Pale ukumbini walimwita Mama Wangapi, na jina hilo halikumchukiza. Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyeshika funguo na daftari la wageni, na yeyote aliyekuja kutaka chumba cha mkutano, kabla hajakaa vizuri, alikwisha kuulizwa: "Mko wangapi? Watakaochelewa wangapi? Wenye watoto wangapi?" Alijua kwamba mtu akisema hamsini huja themanini, na akisema mia huja thelathini, na mwenye mkutano mwenyewe hayumo. Viti havijawahi kumwaibisha.

Kilichomwaibisha ni neno moja.

Mratibu wa mitihani ya wakunga alimpigia simu mwezi mmoja kabla. Simu ilikuwa inakatakata, sauti inakuja vipande vipande kama ya mtu aliye ndani ya pipa. "Halo? Mama? Mtandao upo hapo?" Naye akatoka mbio mpaka uani, akapanda ngazi mbili, akajibu kwa sauti kubwa, "Upo, mwanangu! Sasa upo, nakusikia vizuri!" Mratibu akashukuru, akakata. Mama Wangapi akaandika kwenye daftari: wakunga, arobaini, saa nne asubuhi. Mratibu naye, huko aliko, akaandika: mtandao upo.

Zilibaki siku tatu mratibu alipofika, faili kwapani.

"Mama, karatasi hatutaki. Mtihani wote uko kwenye mtandao, kila mkunga na simu yake. Unafunguliwa saa nne, unafungwa saa sita. Ukifungwa, umefungwa."

"Mtandao gani, baba?"

"Si huu uliosema upo?"

Ndipo akaelewa kwamba siku ile yeye alijibu habari ya mtandao wa simu tu. Mtandao wa ukumbi ulikuwa kisanduku kimoja ofisini kwa meneja, cha kompyuta yake na simu mbili tatu. Ukifunga mlango wa ofisi, ukumbini haifiki hata harufu yake.

Na katika wale arobaini alikuwamo mkamwana wake. Binti yule alifanya kazi zahanati ya mbali, safari ya siku nzima, na mumewe dereva wa malori, leo huku kesho kule. Mtoto wao wa miaka minne alilelewa na yeye, bibi yake. Akifaulu mtihani ule, angehamishiwa hospitali ya pale mjini. Asipofaulu, mwaka mwingine huko huko. Watu husema majuto ni mjukuu, wake alikuwa na miguu, na kila asubuhi alimuuliza, "Bibi, mama anakuja lini kukaa?"

Akaenda kwa meneja, akaeleza yote bila kuficha.

"Wewe si ndiye uliyesema upo?" meneja akasema, macho kwenye kompyuta. "Basi uumbe. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole."

"Ni kweli nimejidunga, bwana mkubwa. Lakini wageni ni wa ukumbi."

Akapewa ruhusa ya kupiga simu kwenye kampuni ya mtandao. Bonyeza moja. Bonyeza tatu. Muziki. "Mhudumu wetu atakuwa nawe hivi punde." Hivi punde ikawa dakika arobaini, sikio limepata moto, na mhudumu alipopatikana alimwambia kwa upole kabisa kwamba laini kubwa huombwa kwa barua, siku saba kabla. Akamshukuru. Kisha akaingia stoo ya viti, akafunga mlango, akasema, "Mungu wangu, nisaidie nisimtukane mtu leo."

Fundi wa mtandao, mtu wa mizaha, alisema "nakuja sasa hivi" mara nne, akaja kesho yake. Akauzunguka ukumbi simu mkononi, kama anayenusa moshi unatoka wapi.

"Mama Wangapi, leo zamu yangu kuuliza. Simu ngapi?"

"Arobaini."

"Watu arobaini, simu arobaini? Siku hizi kuna mkunga wa simu moja?"

Akajishika kinywa. Miaka yote ya kuhesabu watu, hajawahi kuhesabu mikoba yao.

"Sikiliza," fundi akasema, akipiga kofi ubao wa mlango. "Mtandao ni kama mlango wako huu. Watu mia wakiuvamia pamoja hauvunjiki, lakini hakuna anayepita. Nitakuletea visanduku vinne vya kuweka dirishani. Kila kimoja kinabeba simu kumi, si kumi na moja."

Meneja akakubali viwili. "Viwili vinatosha. Wengine wasubiri, kwani kuna anayejifungua?"

Basi Mama Wangapi akakaa na daftari, akapanga. Mtihani ni dakika hamsini. Ishirini waingie saa nne, ishirini saa tano. Dakika kumi za katikati za kutoka na kuingia. Mratibu akakuna kichwa, akakubali. Akamweka mkamwana wake kundi la pili, wasije wakasema mwenye funguo kambeba mkwe.

Siku ilipofika, alikuwa ukumbini tangu saa kumi na mbili. Viti ishirini mbele, visanduku viwili dirishani, taa zake za kijani zinakonyeza. Neno la siri walikuwa nalo yeye, mratibu na meneja tu. Saa nne wakaingia ishirini wa kwanza, wakainamisha vichwa. Dakika tano. Dakika kumi. Mmoja akainua mkono.

"Mama, mbona kiduara kinazunguka tu?"

"Na changu."

"Cha kwangu kimezunguka mpaka kimenipa kizunguzungu!"

Akatoka nje akamtafute fundi, na pale kwenye mlango mkubwa akasimama kama aliyepigwa. Karatasi imebandikwa, herufi kubwa kama za duka: KARIBUNI WAGENI WETU. MTANDAO NI BURE. Chini yake neno la siri lote, mpaka namba ya mwisho. Na wale ishirini wa kundi la pili wameketi barazani, wanacheka, kila mmoja na simu yake, wanatazama harusi ya mtu.

"Nani kabandika hii?"

"Mimi," meneja akasema, akitabasamu kwa wageni. "Ukarimu, mama. Ukarimu."

Akaing'oa, lakini simu zilizokwisha kuingia zimeingia. Akapita kwa mmoja mmoja. "Zima, mwanangu. Wenzenu wanakwama." "Mimi natumia bando langu, mama." "Na mimi langu." "Ah, mama, mwache bibi harusi akate keki kwanza!" Mkamwana wake peke yake alikuwa amezima, simu imo mkobani, midomo inarudia masomo. Fundi alikuja akabadili neno la siri, wote wakatoka mtandaoni, wa ndani na wa nje, ikabidi kuanza upya. Kundi la kwanza lilimaliza saa tano na dakika ishirini na tano.

Kundi la pili lilipata dakika thelathini na tano. Waliandika kama wanaokimbizwa. Saa sita kamili wanne walikuwa bado wanabonyeza "tuma", na skrini ikawaambia mtihani umefungwa. Mkamwana wake alikuwa mmoja wa wale wanne. Aliweka simu mezani taratibu, kifudifudi.

"Asiyetuma ni sawa na ambaye hakuja," mratibu akasema. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka. "Labda ukumbi uandike barua kwamba kosa ni la ukumbi."

"Ukumbi huu hauna kosa," meneja akaruka. "Andikeni ni hali ya hewa."

Wote wakatazama dirishani. Jua kali, hata jani halitikisiki.

Mama Wangapi akavuta kiti. Aliishia darasa la saba, na barua ya ofisi hajawahi kuandika. Akaomba karatasi kwa mratibu, akaandika kwa herufi zake za duara: kwamba aliulizwa habari ya mtandao akajibu asilolielewa, kwamba visanduku vilihitajika vinne vikaja viwili, kwamba neno la siri lilibandikwa mlangoni. Aliyebandika hakumtaja. Hakutaja pia kwamba mmoja wa wale wanne ni mkwe wake. Kisha akaona huo nao ni uongo wa kimya, akauongeza chini.

"Ukitia sahihi hapo," meneja akasema, sauti imeshuka, "kesho tusilaumiane."

"Tusilaumiane, bwana mkubwa." Akatia sahihi.

Mratibu akaisoma mara mbili. "Wanne hawa watarudia Alhamisi, chuoni kwetu. Mimi mwenyewe nitawasimamia."

Njiani kurudi nyumbani mkamwana alipunguza mwendo walipoona paa la nyumba, na mtoto kasimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni.

"Mama, watakufukuza?"

"Nitajua kesho asubuhi."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya mdomo wangu," Mama Wangapi akasema. "Nipe huo mkoba, nenda kambebe mwanao. Akilala, ukasome."