Nilivyompigia Tata Kengele ya Msiba Akiwa Anakunywa Uji

Jamani, haya nitakayowasimulia nimewaficha wajukuu wangu miaka mingi, si kwa sababu ni siri (kijiji kizima kinajua, na vijiji vya jirani pia), ni aibu tu, maana mtu mzima na mvi zake hawezi kukaa chini na kukiri kwa raha kwamba siku moja, akiwa na akili zake timamu, alimtangazia baba yake mzazi kifo huku mzee mwenyewe ameketi kitandani anakunywa uji wa wimbi. Ndiyo, mimi huyu. Juzi mjukuu wangu wa kike anayesomea mambo ya umeme alikuja na kidude chake chenye macho mawili ya bati, akakielekeza ukutani akaniambia, "Sokoro, hiki kinapima umbali kwa sauti. Jicho moja linapiga kelele, la pili linasikiliza ikirudi." Nikamuuliza, mbona mimi babu yako sisikii kelele yoyote? Akacheka, akasema ni sauti nyembamba mno, sikio la binadamu haliipati. Laiti na yangu isingesikika!

Ilikuwa mwaka wa sabini na tatu, mwezi wa nane, niko likizo kutoka shule ya bweni, kidato cha tatu, na kichwa kimevimba kwa fizikia. Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha habari za mwangwi, kwamba sauti hukimbia kama mita mia tatu na arobaini kwa sekunde moja, kwamba popo hujiongoza gizani kwa kupiga kelele tusiyoisikia na kungoja irudi, kwamba meli hupima kina cha bahari kwa njia hiyo hiyo, na kwamba hata wewe usiye na meli wala bahari unaweza kusimama mbele ya mwamba, ukagonga kitu, ukahesabu sekunde mpaka mlio urudi, ukajua umbali bila kutembea hata hatua moja. Hilo la kutotembea ndilo lililonipendeza zaidi.

Nyumbani, juu kidogo ya Nyaramba, nilimkuta Tata (ndivyo tunavyomwita baba kwetu) mgonjwa. Kifua kilikuwa kimemlaza tangu mwezi wa sita, yeye mzee wa kanisa aliyezoea kupanda mlima kila Sabato asubuhi kugonga kengele. Lakini lililomuumiza kuliko kifua, na sote tulilijua, ni ndugu yake mdogo, Ombati, aliyekaa ng'ambo ya bonde, mlima unaotazamana na wetu. Moshi wa jiko lake tuliuona kila jioni, ila yeye mwenyewe hakuwa amekanyaga boma letu kwa miaka minne. Nyanya yetu alipofariki, Baba Mdogo alikuwa kibaruani kwenye mashamba ya chai huko Kericho, habari zikachelewa kumfikia, na Tata, kwa vile mvua ilikuwa kubwa na wazee walimharakisha, akamzika mama yao bila kumngoja. Baba Mdogo alifika akakuta udongo mbichi. Hakugombana na mtu, aligeuka tu akaenda kwake, na tangu siku ile hakuvuka tena kile kijito cha bondeni kati yetu.

Mama alikuwa amemtumia salamu mara tatu kwamba ndugu yake hajiwezi, na mara tatu jibu lilirudi lile lile, "Huko ni mbali, na mguu wangu ni mbovu." Mbali! Mtu ambaye jogoo wake akiwika ni sisi tunaoamka! Jibu la tatu lilipofika, Tata aligeukia ukutani akasema polepole, "Basi mwacheni. Ni mbali kweli." Nikaona machozi yanamlengalenga, mzee ambaye sikuwahi kumwona akilia, na hasira za ujana zikanipanda, nikaamua (na hapa ndipo nilipojichimbia shimo) kwamba huo umbali nitaupima kisayansi, niuandike kwenye karatasi, nimpelekee Baba Mdogo namba yenyewe mpaka mlangoni pake aone haya.

Kesho yake, Jumatano, mnamo saa nne asubuhi, Tata akiwa amesinzia, niliichukua saa yake ya mkono iliyokuwa kando ya kitanda, kwa kuwa ilikuwa na mshale wa sekunde, nikaivaa, nikapanda hadi kanisani. Kengele yetu haikuwa ya kununuliwa. Ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi, unaigonga kwa kipande cha chuma, na mlio wake ulikwenda ukapiga ule mwamba mkubwa ulio juu ya nyumba ya Baba Mdogo, ukarudi safi kabisa. Sasa, kila mtoto wa pale kwetu alijua inavyogongwa. Siku ya Sabato ni haraka haraka, bila kupumua, watu wajue wamechelewa. Mtu mzima akifariki, inagongwa mara moja, unaacha mlio ufe kabisa, ndipo unagonga tena. Na mimi nililijua hilo! Msiniulize nililisahau vipi siku ile. Ninachojua ni kwamba huwezi kupima mwangwi kwa kugonga haraka haraka, sauti zitachanganyika, ni lazima ugonge mara moja, uache mlio ufe, usikilize, ndipo ugonge tena.

Nikagonga. Nikakazia macho mshale, moja, mbili, tatu, nne, mlio huo ukarudi! Nikarudia mara tano, zote sekunde nne. Nikachuchumaa nikazidisha kwenye karatasi, nikapata mita elfu moja mia tatu na sitini, moyo ukanishuka. Zaidi ya kilomita! Kumbe Baba Mdogo ana haki, ni mbali! Nikasema haiwezekani, nimehesabu vibaya, nikainuka nikagonga tena na tena, polepole zaidi, kwa uangalifu zaidi (nawaambia, hakuna mzee aliyewahi kugongewa kengele ya msiba kwa ustadi kama ule), na ilikuwa kwenye ya tisa au ya kumi hivi ndipo nilipokumbuka kwamba ile sauti ilikwenda na kurudi, mjinga mkubwa mimi, kwa hiyo nilitakiwa kugawanya kwa mbili. Mita mia sita na themanini! Furaha niliyoipata hapo, nikasema basi nigonge moja ya mwisho, kuhakikisha.

Nikiwa kwenye hiyo ya mwisho, Mama Kwamboka, jirani yetu, akatokea mbio kutoka shambani na kikapu chake cha pareto, jasho linamtiririka. Akaniangalia mimi, akaiangalia saa ya Tata mkononi mwangu, akauliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, ni yeye?" Mimi macho yako kwenye mshale, nikisema neno nitapoteza hesabu, nikainua kiganja kumwomba angoje, na kichwa changu (nina tabia hiyo mpaka leo) kikawa kinahesabu pamoja nami, kinainama kwa kila sekunde, moja, mbili, tatu, nne. Alichokiona yeye, maskini, ni kijana aliyezidiwa na uchungu, ameshavaa saa ya marehemu, anaitikia kwa kichwa mara nne. Kikapu kikaanguka, maua yakamwagika yote.

"Yaye! Nyasae! Mzee wetu ametuacha!"

"Hapana, mama, ngoja! Ni fizikia!" nikamwambia. Nani asikie? Yowe likajibiwa kutoka shamba la chini, la shamba la chini likajibiwa kutoka kwenye kisima, la kisimani likavuka bonde, na kabla sijaokota karatasi yangu niliona wanawake wakiacha pareto na wanaume wakitupa majembe, wote wanaelekea kwetu. Nikatupa chuma nikakimbia, nikiomba Mungu nifike kabla yao.

Sikufika kabla yao. Mama alinieleza baadaye kwamba Tata aliamka kwa mlio wa kwanza, akapewa uji, akawa anakunywa huku akihesabu, kisha akaweka bakuli chini. "Ni nani tena ametutoka?" Mama akasema hajui. "Lazima ni mtu mkubwa," Tata akasema, "sikia anavyogongewa vizuri. Nipe blanketi. Watu wanalia na mimi mzee wa kanisa nilale?" Kwa hiyo uwanja ulipojaa watu wanaolia na kulitaja jina lake, mlango ulifunguka, akatoka Tata amejitanda blanketi, fimbo mkononi, uso wa huzuni, ameinua mkono kuwafariji.

"Poleni, jamani. Poleni sana. Ni nani?"

Sijapata kuona kilio kikikatika namna ile. Mzee mmoja aliyekuwa ameshaanza kusema wema wa marehemu alibaki mdomo wazi, na Mama Kwamboka alikaa chini pale pale akawa analia na kucheka kwa pamoja, anasema, "Lakini mwanawe aliniitikia! Mara nne!" Macho yote yakanigeukia, na ya Mama yangu ndiyo yaliyokuwa makali kuliko yote. "Wewe! Umefanya nini?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na karatasi yangu na namba yake.

Kabla sijafungua kinywa, migomba ya upande wa kijito ikatikisika, akatokea Baba Mdogo. Amelowa mpaka kiunoni, mguu mmoja una buti la mpira na mwingine ni tope tupu, hata shati hakufunga vifungo, na ule mguu wake mbovu sijui siku ile alikuwa ameuacha wapi. Hakumwona Tata, aliyekuwa ameshakalishwa kwenye kigoda nyuma ya akina mama. Alimwendea Mama moja kwa moja, anahema.

"Shemeji, niambie ukweli," akasema. "Mmeshamzika? Mmemzika tena bila mimi?"

Akina mama wakasogea, mmoja huku, mmoja kule, mpaka wale ndugu wawili wakaonana.

"Ombati," Tata akasema. "Bado. Safari hii nilikungoja."

Baba Mdogo aliketi chini kwenye nyasi, mtu mzima yule, akajifunika uso kwa mikono yake yenye tope akalia kwa sauti, na Tata akainuka kwenye kigoda bila kushikwa na mtu, akaenda akakaa chini kando yake, akamfunika nusu ya blanketi. "Nilikukosea kwa mama," nilimsikia akisema. "Ningemzuia nani, mvua au wazee, sijui, lakini nilikukosea." Baba Mdogo alitikisa kichwa tu, hakuachia lile blanketi. Nami nililia, sifichi. Uwanja mzima ulilia upya, safari hii bila maiti.

Machozi yalipokauka nikahukumiwa. Baba Mdogo ndiye aliyeuliza, "Sasa hii kengele aliigonga nani, na kwa nini?" Nikasimama katikati ya watu wale wote, wengine wameshaleta kuni na ndizi za matanga, nikaeleza habari za popo, na meli, na mwamba, na sauti kwenda na kurudi, nikaona kabisa kwamba kila neno linanizamisha zaidi. "Nilitaka kujua ni umbali gani kutoka hapa hadi kwako, Baba Mdogo," nikamaliza.

"Ukapata ngapi?"

"Mita mia sita na themanini."

Akautazama mguu wake wa tope. "Mimi niliona ni zaidi," akasema.

Adhabu yangu Tata aliitoa papo hapo, kwamba nipite nyumba kwa nyumba nikimtangaza kuwa hai, na nilipita siku tatu, maana habari za kifo zina mbio ajabu. Shangazi yangu aliyeolewa Mosocho alishazipata kupitia kwa abiria wa basi, nilimkuta ameshanyoa kichwa, na nilipomwambia kaka yake yuko nyumbani anakula, alinifukuza na mwiko, "Hizi nywele utaziotesha wewe!" Mpaka nilipomaliza kidato cha nne, nikipita barabarani watoto waliinamisha vichwa mara nne, wakakimbia.

Tata alikaa nasi miezi minane tena, na Baba Mdogo hakukosa hata jioni moja. Alikuja na fimbo, alilalamikia mguu tangu kijitoni hadi mlangoni, kisha wakakaa wakabishana habari za ng'ombe waliokufa kabla mimi sijazaliwa. Siku niliyokuwa narudi shuleni, likizo ile ile, Baba Mdogo alinisindikiza mpaka kituo cha basi Nyaramba, nikajua nitakemewa tu. Basi lilipotokea akanishika bega.

"Upuuzi ule usiurudie."

"Siurudii, Baba Mdogo."

"Usirudie kabisa. Ulitaka kuniua mimi." Akaniinulia sanduku langu hadi kwenye ngazi ya basi. "Ile ya kweli pia ningeisikia, na ningekuja mbio vile vile. Lakini ningekuta mtu asiyeweza kunijibu." Akaniambia nisome kwa bidii, akageuka. Tangu siku hiyo sijagusa kengele yoyote, hata ya shule, hata ya baiskeli.