Ndege yangu ya sola, na kicheko chenu cha Koboko

Kutoka Vurra mpaka Oraba, fundi wa ndege iko mmoja tu. Ni mimi.

Sasa leo mnanicheka kwa nini?

Ndege nimeiunda mwenyewe, kwa maboksi na mota ya redio ya kaseti ya zamani. Sola nimeazima kwa dada yangu Zaitun, ile ya taa anayouzia chapati jioni. Nikamwambia, "Ikiruka, mpaka Arua watanijua. Isiporuka, chukua sola yako."

Uwanja wa mpira hapa Koboko umejaa watu. Jua kali. Nikairusha.

Ikaenda moja kwa moja kwa mbuzi.

Mbuzi akaanza kula bawa!

Zaitun akabandua sola palepale, mbele ya watu wote. "Pole, rubani. Chapati yangu iko inangoja taa."

Watu wakapiga makofi. Kwa yeye! Hiyo ni heshima gani kwa mutu mzima?

Nyinyi mliocheka, semeni hapa: nani kati yenu ameunda hata baiskeli?

Sawa, kuna kitu kimoja kidogo. Sola niliibandika chini ya tumbo, ili mkitazama juu muione vizuri.

Jua lilikuwa linapiga mgongo.