Binti yangu alinifundisha political science kwa mfereji wa plot yangu

Niaje wakuu. Hii ni yangu mwenyewe, sikusimuliwa, na sitaruka hata pale naonekana mjinga.

Shule niliachia darasa la sita, Kitui. Nikaja Nairobi, nikaanza kuuza maji na mkokoteni mtaa wa Mashimoni. Leo niko na plot ya mawe ya kupangisha hapa Kawangware 46, na naishi ndani. Ulizeni mtu yeyote.

Binti yangu Mutheu akaitwa chuo kikuu. Nikatangazia watu ni nursing. Kumbe ni political science.

Nilichapa meza. Siasa gani ya kusomea, na kwa kinyozi inapigwa bure? Nikampa hadi Jumatatu abadilishe course, ama atafute mwingine wa kumlipia.

Hakulia. Aliniuliza tu, "Baba, hapa kwa plot nani huamua nani achote maji kwanza?"

Nikacheka. Mfereji wangu, kufuli yangu.

Jumamosi, siku ya maji, akaniomba tukae kwa ngazi tuangalie, na ninyamaze. (Wenye wananijua wanajua hapo ndipo palikuwa pagumu.)

Mitungi ilikuwa kwa laini, ikingoja nifungue kufuli. Mama mwenye mtoto mchanga akapitishwa mbele. Mzee mgonjwa, mbele. Jamaa mmoja akajaribu kuruka laini. Mama Kioko, tenant wangu anayeuza githeri, akamwangalia tu. Jamaa akarudi nyuma.

Wakuu, hiyo sheria sikuiweka mimi. Hata sikujua iko.

"Hii ndiyo tunasomea," Mutheu akasema. "Wewe uko na kufuli. Yeye hana, na wanamsikiza. Tunauliza kwa nini, na ni nani anaachwa nje."

Nikamwambia basi nimpe Mama Kioko title deed.

Akacheka, akaniegemea bega. "Hilo swali nililipata nikiwa mdogo, nimekaa juu ya mkokoteni wako, Baba. Mashimoni ulikuwa unaanza na nyumba ya mgonjwa, hata kama iko mbali. Nilikuwa nashangaa nani alikuambia."

Hakuna mtu aliniambia. Nilikuwa hata nimesahau.

Nikashuka. Mtungi wa kwangu hujazwa wa kwanza kila Jumamosi. Nikautoa mbele, nikaupeleka mwisho.

"Landlord, leo umepotea?" Mama Kioko akanitania.

Jumatatu ilipita, course haikubadilishwa.

Nimejifunza hivi: kabla uite masomo ya mtoto upuzi, muulize yalianzia wapi. Inaweza kuwa ni kwako.

Sasa wenye mmesomea hii kitu, nipeni swali moja la maana nimuulize akifunga chuo. Sitaki akute nimekaa bure.