Kidonge cha Sabato

Binti yetu alipewa jina la mama wa mama mkwe wangu. Kwetu Kisii jina la marehemu si la kuitia tu. Mwenyewe hurudi kidogo. Ndiyo maana mama mkwe, mtu mzima mwenye mvi zake, akimwona mtoto huyu wa darasa la pili alikuwa akisimama na kumwamkia, "Mama, umekuja?" Sisi wengine tulisalimiwa baadaye, tena tukiwa na bahati.

Marehemu alisifika kwa kutotulia. Alikuwa akianza kupalilia migomba, anakumbuka kuchuma majani ya chai, huku nyuma ugali unaungua. Binti yetu ni yeye mtupu. Akivaa soksi moja, alitoka mbio kumfuata kuku. Mama mkwe alicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka, maana ni mimi niliyeitwa shuleni Keroka kila mara. Kusoma alijua, ila mwisho wa mstari hakufika. Siku moja aliniuliza kwa nini wenzake huambiwa hadithi nzima na yeye huambiwa nusu. Swali hilo liliniuma sana.

Daktari wa mjini alimpima, akamwandikia kidonge cha kumeza kila asubuhi, akatueleza kwamba dawa hiyo haimpi mtoto akili mpya. Humsaidia kushika jambo moja bila kuvutwa na mengine, na jioni nguvu yake huisha. Akatuonya kuhusu hamu ya chakula. Siku zisizo za shule alituachia tuamue wenyewe, tukaamua Jumamosi apumzike. Sasa sisi ni Wasabato, na Jumamosi baada ya kanisa ndipo tulipokuwa tukienda Nyamache kwa mama mkwe. Kwa hiyo hakuwahi kumwona mjukuu wake akiwa amemeza kidonge.

Alimwona siku ya soko, alipotuletea ndizi bila kutuarifu. Shule ilikuwa imefungwa siku hiyo kwa mkutano wa walimu, na mtoto alikuwa mezani na kitabu, kidonge kinafanya kazi.

"Mama, nimekuja," mama mkwe akasema mlangoni.

"Ngoja nimalize ukurasa, nyanya," mtoto akajibu kwa adabu, bila kuinua kichwa.

Mama mkwe alinifuata jikoni, akanong'ona kama tuko matangani. "Mama yangu mmempeleka wapi?"

Mimi nina mdomo. "Mama, hiki ni kidonge cha daktari. Hatujaenda kwa mganga."

Aliondoka bila kunywa chai. Kwetu hilo si jambo dogo.

Tangu siku hiyo nyumba ilinitisha. Kimya kikizidi sebuleni, nilienda kuchungulia, nikamkuta mtoto anaandika vizuri, herufi zimekaa kwenye mstari. Nilimshukuru Mungu, na papo hapo niliogopa kumwita. Jioni alipoanza kuruka juu ya makochi nilishusha pumzi: amerudi. Kisha nikajigombeza. Amerudi kutoka wapi?

Sabato iliyofuata mtoto mwenyewe aliomba kidonge. Alitaka kusikia hadithi ambayo nyanya humsimulia kila tukienda: jinsi marehemu alivyovuka mto uliofurika, mama mkwe akiwa mtoto mchanga mgongoni. Katika hadithi hiyo binti yetu hakuwahi kuvuka ukingo wa kwanza. Siku zote alikuwa ameshatoka nje. Nilimpa.

Alikaa, mikono mapajani, akasikiliza mpaka ng'ambo. Alipomaliza kusikia akauliza kama nguo za mtoto zililowa. Hakuna yeyote katika ukoo wetu aliyewahi kuuliza hivyo. Mama mkwe alimjibu vizuri, kwa heshima, kama mtu anavyomjibu mke wa mchungaji. Tulipoaga, alimpa mkono.

"Karibu tena, mgeni," akamwambia.

Njiani mtoto alifurahi, akanisimulia mto wote, mawe yake, kamba ya kubebea mtoto.

"Mama, leo nimemsikia nyanya mpaka mwisho," akasema. "Lakini yeye hajaniita Mama."

Nilimwambia amesahau.