Msukuma Aliyechunga Chewa

Mwanangu, siku moja haijawahi kunitoka kichwani: siku niliyochekwa ndani ya boti mpaka watu wakashika mbavu.

Kwanza ujue unamsikiliza nani. Nyumba hii ya vigae hapa Kambarage sikuijenga kwa dhahabu. Niliijenga kwa samaki, tena si wa Nkome kule ziwani, samaki wa matumbawe, kule baharini. Stashahada ile ukutani nimeisotea mwenyewe. Katika ukoo wetu wa wafugaji, nani mwingine amelipwa kuzama majini kutazama samaki bila kuwala?

Nilikuwa kijana, nipo kwenye majaribio katika kikundi cha utafiti. Mjomba alishanitafutia kazi ya kuponda mawe Bulyanhulu. Nikishindwa pwani, naenda machimboni.

Kiongozi wetu, Mama Zuhura, alitaka kujua kama chewa, wale samaki wakubwa wa miambani, hukaa kwenye mwamba mmoja au huhama. Tulizama, tukapiga picha, tukahesabu. Siku hiyo tulipoibuka, wenzangu walisema idadi ni ile ile.

"Mama," nikasema, "yule mwenye pezi lililochanika hayupo. Aliye pangoni kwake ni mgeni."

"Haa! Msukuma anachunga samaki!" Bakari, mpiga picha wetu, akaangua kicheko, boti nzima ikamfuata. "Na maziwa umekamua?"

Mama Zuhura hakucheka. "Umejuaje?"

Babu yangu, mwanangu, hakuruhusu ng'ombe wahesabiwe kwa kidole. Wakirudi, ulisimama mlangoni pa zizi ukawatazama: mabaka, pembe, sikio lililokatika. Kisha ukasema nani hayupo. Chewa naye ana madoa yake, na hakuna wawili wanaofanana. Nikamweleza hivyo.

"Basi katafute ng'ombe wako," akasema. "Ukimkosa, mitungi yangu ya hewa hutaigusa tena."

Nikazama na Bakari. Mwamba wa jirani hayupo, unaofuata hayupo. Hewa inaelekea kuisha, nikamwona chini ya ukingo wa mwamba wa mbali, pezi lake lile lile, ananitazama kama anayeniuliza nimefuata nini. Bakari akapiga picha. Botini akailinganisha na ya zamani, doa kwa doa.

"Shikamoo, mchungaji," akasema hatimaye.

"Marahaba," nikaitikia kwa raha zangu zote. Na kazi nikapata.

Lakini kwa nini alihama? Swali hilo limenila ujana wote, na mpaka leo sijalimaliza. Usiku nikilala bado namwaza yule samaki.

Kwa hiyo mwanangu, ukienda mbali usikionee haya ulichojifunza zizini. Chuo kitakupa majina ya vitu. Macho unatoka nayo nyumbani. Tazama sana, na ukiona kuna kinachokosekana, sema, hata boti nzima ikucheke. Kisha kakitafute.

Mungu akupe pumzi ndefu, chini ya maji na juu yake, na siku ukirudi Kambarage unikute ningali hai nikuulize umeona nini.